Hakuna Mtu Ananunua Sarafu ya Kibaki kwa Laki Tano

Leo nitakosana na watu, na wengine ni marafiki zangu, tumekaa nao meza moja tukakula mbuzi. Sawa tu.

Ile posti imerudi. Mumeiona. Picha ya sarafu ya bob 40, ile yenye uso wa Kibaki, imechorewa mshale mwekundu, na chini yake herufi kubwa: UKO NA HII NYUMBANI? NI LAKI TANO. TUTUMIE PICHA. Wiki hii nimetumiwa mara kumi na moja. Mara nne kati ya hizo imetoka kwa watu tunaofanya nao kazi moja, vijana wa hapa hapa Ukambani wanaotengeneza vidio, wenye wafuasi elfu thelathini, elfu hamsini. Watu wenye akili zao. Wanajua kabisa hakuna mtu atatoa laki tano kwa sarafu ya Kibaki, lakini posti inaleta macho, macho yanaleta pesa ya matangazo, basi.

Najua wanajua kwa sababu mimi mwenyewe nilijua. 2022 nilitoa vidio, "Sarafu Tano za Kenya Zinaweza Kukutajirisha." Nilikuwa nimeitoa kwa ukurasa mwingine wa mtu, nikabadilisha maneno, nikaweka muziki. Sikuuliza mtu yeyote, sikushika hata sarafu moja kati ya hizo tano. Ilitazamwa kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya kabla ya hapo. Nilinunua simu mpya.

Kisha akanipigia mama mmoja wa Masii. Nambari yangu aliipata kwa mpwa wake. Akaanza kwa heshima kabisa, "Kijana wangu, Mungu akubariki kwa ile elimu," halafu akaniuliza kama pesa yake itatoka lini. Pesa gani, mama? Ile ya sarafu. Alikuwa ameona vidio yangu, akatafuta wanunuzi kwa simu, akapata mmoja. Akatuma picha ya sarafu tatu. Akaambiwa hongera, zimepita, ni laki nane jumla, ila kwanza alipie usajili wa mnunuzi, 1,850. Akalipa kwa M-Pesa. Kesho yake ikawa cheti cha kuthibitisha kwamba sarafu si bandia, 3,500. Akalipa. Halafu bima ya gari litakalobeba pesa, 6,000. Hiyo alikopa kwa chama. Wakati ananipigia simu, ile nambari ilikuwa imezimwa siku tisa, na yeye bado alidhani labda betri.

Elfu kumi na moja na mia tatu na hamsini. Sikumwambia chochote cha maana siku hiyo. Nilifuta vidio usiku huo na sikusema kwa nini, na huo ni woga, hauna jina lingine. Kwa hivyo nikisema naandika kwa hasira, ielewekeni kwamba sehemu kubwa ya hasira hii ni yangu mimi mwenyewe juu yangu.

Sasa twende pole pole kwa hizi sarafu, kwa sababu uongo wa aina hii unaishi mahali ambapo watu hawajaelezwa.

Sarafu ya 40 ilitolewa 2003 kuadhimisha miaka arobaini ya uhuru. Ilitoka benki ikaingia kwa vioski na kwa makanga, na wengi wetu tuliokuwa watoto tunakumbuka makanga akiikataa kwa sababu ilimchanganya hesabu. Ni sarafu nzuri, ina rangi mbili, ina historia. Lakini ziko nyingi, na ziko kwa wauzaji wa sarafu huko Ulaya na Marekani kwa dola chache tu. Ya 20 yenye Mzee Kenyatta, ile ya 2005, bado unaweza kurudishiwa kama chenji ukinunua mboga Marikiti. Sura za marais zimeondolewa kwa sarafu mpya kwa sababu Katiba ya 2010, kifungu cha 231, inakataza picha ya mtu binafsi kwa pesa yetu. Ndiyo maana sarafu zilizozinduliwa Desemba 2018 zina twiga kwa shilingi moja, kifaru kwa tano, simba kwa kumi na ndovu kwa ishirini. Lakini kutoa sura mpya hakukufanya zile za zamani ziwe dhahabu. Ziliachwa ziendelee kutumika. Bado ni bob ishirini, nenda ununue mandazi.

Na zile zenye tundu katikati, senti tano na senti kumi za Mwingereza zenye pembe za ndovu? Hizo ndizo susu zetu wako nazo zaidi. Kati yake kuna moja napenda kuliko zote, ya 1936, imeandikwa EDWARDVS VIII. Huyo mfalme alikalia kiti chini ya mwaka mmoja, akajiuzulu Desemba 1936 kwa sababu ya mwanamke. Kwao Uingereza hakuwahi kutoa sarafu za kutumika zenye sura yake, lakini huku kwetu sarafu zenye tundu hazikuwa na nafasi ya sura, zilihitaji jina tu, kwa hivyo jina lake likatoka. Hadithi tamu sana. Bei yake? Dola mbili, tatu, ikiwa imechakaa kama nyingi zilivyo. Zilitengenezwa kwa wingi. Hadithi na bei si ndugu, hata kama kila vidio inataka wawe mapacha.

Shilingi ya zamani ya Afrika Mashariki, ile yenye simba mbele ya milima, watu wanaiita "ya silva." Angalia mwaka kwanza. Zile za kuanzia 1921 mpaka 1946 zina fedha robo, asilimia 25. Sarafu ina uzito wa karibu gramu 7.8, kwa hivyo fedha halisi ndani haifiki gramu mbili. Kuanzia 1948 hakuna fedha kabisa, ni shaba na nikeli. Mtu akikuambia shilingi ya 1952 ni silva, yeye hajui au anakutegemea wewe usijue.

Je, ziko sarafu za huku zenye bei ya kweli? Ziko. Mwaka wa 1916 Wajerumani walikuwa wamezingirwa Tanganyika, meli zao hazifiki, wakatengeneza pesa Tabora kwenye karakana ya reli. Walipiga sarafu ya dhahabu ya rupia 15, ina ndovu ameinua mkonga, uzito wake ni karibu gramu saba, na zilitoka kama elfu kumi na sita tu. Hiyo ndiyo watu wanauziana kwa maelfu ya dola. Umewahi kuiona kwa mkebe wa mtu Kathiani? Mimi pia sijaiona. Lakini ndugu yake wa shaba ya manjano, heller 20 ya Tabora ya mwaka huo huo, yenye taji na herufi D.O.A., hiyo nimeiona. Ilikuwa kwa mkebe wa Susu.

Hapa lazima nisimame kidogo, kwa sababu hapa ndipo mimi nilifanya ujinga wa pili, na huu uliniuma kuliko wa vidio.

Susu ana mkebe wa Kimbo. Kila nyumba ya Mkamba mzee iko na mkebe. Ndani ya huo wa Susu kulikuwa na senti za tundu zimefungwa kwa uzi, shilingi kadhaa za simba, ile heller ya Tabora, na rupia moja kubwa ya King George wa Tano, ya 1913. Baba yake Susu alichukuliwa kwenda vita vya Mjerumani kama mbebaji wa mizigo, wale Carrier Corps ambao jina lao ndilo likawa Kariakoo huko Dar na Kariokor hapa Nairobi. Wanaume wengi sana wa huku walipelekwa. Wabebaji walilipwa kwa rupia, kwa sababu shilingi ilikuwa bado haijafika huku. Wengi hawakurudi, na mishahara mingi ya waliokufa haikuwahi kufika kwa familia zao. Baba yake Susu alirudi, na heller moja mfukoni, na rupia.

Mimi hiyo hadithi sikuwa naijua. Sikuwa nimeuliza. Nilimwambia Susu nipe nikakuuzie, akanipa kwa sababu mimi ni mjukuu. Kwanza nikazisafisha. Ndimu, majivu, waya ya kusugulia sufuria. Ziling'aa, nikajivunia, hata nikapiga picha. Halafu nikapeleka rupia kwa broka mmoja mjini. Akaigeuza mara mbili, akasema, "Hii imechubuka, lakini kwa sababu ni wewe, mia mbili." Nikachukua.

Rupia ya 1913 ina fedha zaidi ya asilimia 91, uzito gramu 11 na nusu hivi. Fedha yake peke yake, ukiiyeyusha bila kuuliza ni ya mwaka gani wala ya nani, ilikuwa inazidi mara tatu ya hiyo mia mbili. Hiyo nilijua baadaye. Na baadaye zaidi, nikiwa nimemletea Susu sukari na unga na hiyo mia mbili, akaniambia polepole, bila kukasirika, ile kubwa ilikuwa ya mshahara wa baba. Alikuwa anaitambua kwa kidole, usiku, bila taa.

Nilirudi kwa broka siku ya pili. Ilikuwa imeshaenda.

Kwa hivyo ukiniambia "wacha watu wahasole, ni sarafu tu," ujue unaongea na mtu wa aina gani.

Hasira peke yake haisaidii, na niliamua kujua. Binti ya shangazi yangu anaishi Chicago. Agosti 2024 kulikuwa na lile onyesho kubwa la chama cha wakusanyaji sarafu cha Marekani, wanaliita World's Fair of Money, mwaka huo lilikuwa Rosemont, karibu na uwanja wa ndege wa huko. Alikuwa amekuja nyumbani Aprili, na Susu akampa sarafu nne aende nazo akaulize. Akaulize tu, sio kuuza. Heller ya Tabora, senti kumi ya Edward, shilingi ya 1924, na kwa ajili yangu, Kibaki wa bob 40. Siku ya onyesho akanipigia simu ya vidio na tukatembea pamoja, yeye kwa miguu, mimi kwa bando.

Wasee, ukumbi ni kama mashamba. Mamia ya meza, kila meza na taa yake na kioo chake, watu wameinama kama wanasoma Biblia. Na masaa mawili ya kwanza tulipoteza bure. Alikuwa anaenda meza yoyote iliyo karibu, na meza nyingi ni za sarafu za Marekani tupu. Anaonyesha shilingi ya simba, mzee wa watu anatabasamu, anasema ni nzuri, hajui. Hakuna aliyemdanganya, hawakujua tu. Kumbe mlangoni kulikuwa na ramani na orodha ya nani anauza nini. Mtu wa maana anaichukua kwanza, anakaa chini na kalamu, anaweka alama kwa meza zinazomhusu, za sarafu za dunia, za makoloni ya Uingereza, za Ujerumani, ndiyo aanze kutembea. Sisi tulifanya kinyume, na miguu yake ikalipia. Alikuwa amevaa viatu vya harusi.

Alipofika kwa meza ya kwanza ya sarafu za dunia, akamtoa Kibaki. Yule muuzaji hakuichukua hata. Akaonyesha kwa kidole sanduku lililokuwa kwenye kona ya meza, limejaa sarafu za kila nchi chini ya jua, limeandikwa dola moja kila moja. Binamu akachovya mkono, akachakura, na mbele ya macho yangu akamtoa Kibaki mwingine. Wa pili. Kwa dola moja. Siku hiyo dola ilikuwa kama bob 129. Ndiyo hiyo laki tano yenu. Faida ya bob 89, ukitoa nauli ya ndege.

Nilicheka mpaka machozi, halafu nikamkumbuka mama wa Masii, nikanyamaza.

Lakini sikilizeni ya heller, kwa sababu hapa ndipo niliona kitu ambacho hatuna. Meza ya kwanza, muuzaji akaiweka chini ya taa, akasema dola nane. Zamani zile mimi ningechukua nikimbie. Binamu akasema asante, nitazunguka. Yule mtu hakununa. Akarudisha sarafu, akamtakia siku njema. Meza ya pili, kumi na tano. Meza ya tatu alikuwa Mjerumani mzee ambaye anafanya pesa za makoloni yao tu. Akatoa kitabu, akalinganisha umbo la taji na jinsi herufi zilivyokaa, akasema kuna aina kadhaa za ukungu uliotumika Tabora, na hii ni ya kawaida lakini haijachezewa, ishirini na tano. Ilikuwa imeniponyoka siku ile ya ndimu na majivu, ilibaki chini ya uzi. Ile senti kumi niliyosugua, huyo huyo mzee aliiangalia sekunde mbili akairudisha. "Imesafishwa." Neno moja. Angeichukua kwa dola mbili ingekuwa chafu. Ikiwa safi hakuitaka kabisa. Kwa hivyo tafadhali, kwa jina la yeyote unayemwogopa, usisugue sarafu. Uchafu wake ndio ngozi yake. Ishike kwa ukingo, juu ya kitambaa, na uiache.

Saa moja, meza tatu, bei kutoka nane mpaka ishirini na tano. Sarafu ile ile. Hiyo ndiyo kazi ya onyesho. Vidio zote zinakuonyesha kasha za plastiki zenye daraja, ile hesabu ya mpaka 70 iliyoanzishwa na Sheldon mwaka wa 1949, na wazee waliovaa tai. Hayo ni mapambo. Kazi ya onyesho ni kwamba mwenye meza ya kwanza anajua utatembea hatua kumi umfikie wa pili. Ndiyo maana hathubutu kukupa upuuzi mwingi sana. Broka wangu wa mjini alijua sina hatua kumi za kutembea. Tapeli wa simu anajua huyo mama wa Masii hana hata meza moja.

Mambo mengine niliyoyaona siku hiyo na nimeyaweka. Uliza bei mbili, si moja: ananunua kwa ngapi, na hiyo hiyo anaiuza kwa ngapi. Tofauti yake ndiyo mkate wake, na ni haki yake kula, lakini ukiijua huwezi kushangazwa. Usimwage mkebe wote mezani. Toa moja moja, na usiseme unatarajia ngapi kabla yeye hajasema. Kama wewe ni mnunuzi, amua pesa yako nyumbani, weka kwa bahasha, ikiisha umeisha. Siku ya mwisho jioni wauzaji wengine wanafunga mizigo na wanapunguza bei ili wasibebe, lakini pia wengine wameshaondoka, na vizuri vimeshachukuliwa siku ya kwanza, kwa hivyo usijidanganye kwamba kuchelewa ni ujanja. Mtu akiwa anaangalia trei, subiri amalize, usiingize mkono. Na ukitoka nje ya ukumbi na kitu cha bei mfukoni, vua ile kadi ya jina shingoni na usisimulie mtu kwenye gari. Hiyo ya mwisho hata huhitaji Rosemont kuifundishwa, ukitoka benki hapa mjini unafanya hivyo hivyo.

Sasa nirudi nyumbani, kwa watu wangu.

Kuna mtu atasema, na ameshaniambia uso kwa uso, kwamba mimi nina wivu, nilipata macho yangu na simu yangu, sasa nawafungia wengine mlango. Sehemu ya kwanza ni kweli. Nilikula. Lakini hebu tuangalie huo mlango. Ukitoa posti ya laki tano wewe hulipwi na tapeli, najua, unalipwa na matangazo. Ila wewe ndiye unamtengenezea wateja. Unamwandaa mama wa watu, unampa imani, halafu unamwacha barabarani, na mwenye nambari ya simu anamwokota. Mnunuzi wa kweli anatoa pesa, haombi. Hakuna muuzaji hata mmoja kwa ule ukumbi wote aliyemwambia binamu yangu alipie usajili ndiyo sarafu yake inunuliwe. Ungesema hiyo sentensi moja tu kwa vidio yako, tapeli angekosa kazi wiki hiyo. Hausemi kwa sababu ukiisema, vidio inaisha hapo.

Wengine wanasema, basi heri kunyamaza kabisa kuhusu sarafu. Hapana. Hapo pia nakataa. Mkebe wa Susu ni barua. Mkebe wenye heller unasema mtu alienda Tanganyika. Nimeona mikebe miwili huku Mua na Iveti yenye rupia za India za miaka ya arobaini, na ukiuliza unaambiwa umau alikuwa KAR, alipelekwa Burma. Huwezi kuipata hiyo kwa kitabu cha shule. Sarafu tano za shaba za Kilwa ziliokotwa na mwanajeshi mwaka wa 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na mpaka leo wasomi wanabishana zilifikaje huko. Sarafu za Kilwa! Tungekuwa tunabishana sisi pia kuhusu mambo kama hayo, badala ya kubishana kama Kibaki ni laki tatu au laki tano.

Na kuna moja ambayo watengeneza vidio wote wanairuka. Sheria yetu ya makumbusho na urithi ya 2006 inahesabu kitu kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895 kuwa ni cha kale, na hakitoki nchini bila kibali. Machakos hapa palikuwa kituo cha ile kampuni ya Imperial British East Africa kabla Nairobi haijakuwa mji. Kampuni hiyo ilikuwa na pesa yake, rupia ya Mombasa ya 1888, yenye jua na taji. Ukiipata hiyo kwa shamba la babu yako Mumbuni, usimtumie mtu wa simu, na usimpe binamu abebe kwa begi. Zile nne za Susu zote zilikuwa za karne ya ishirini na kuendelea, ndiyo maana tulizituma bila wasiwasi. Zilirudi Desemba, zote nne. Susu alizihesabu mara mbili.

Ninachotaka si kikubwa. Tuna maonyesho ya kilimo, ng'ombe anapewa utepe. Tuna siku za utamaduni, watu wanacheza, wazee wa Wamunyu wanaleta vinyago. Sijawahi kuona hapo meza moja ya sarafu, yenye mizani na mtu mmoja mkweli. Kaunti haihitaji bajeti ya kujenga kitu. Meza, kitambaa, taa, mizani ya sonara, sumaku, kioo cha kukuza, na daftari la kuandika kila mkebe umetoka wapi na nani aliubeba. Wanunuzi waje, watatu au wanne, wakae kando kwa kando, waseme bei kwa sauti. Mabroka pia waje, siwachukii, waje wakae hapo ambapo jirani anasikia.

Wakati tunangoja hiyo, nimeanza na yangu. Mizani nimenunua. Mama wa Masii nilimpigia mwezi uliopita, nikamwambia ukweli wote kuhusu ile vidio, pamoja na ile simu niliyonunua. Alinyamaza kwa muda. Halafu akaniuliza, "Kwa hivyo zile sarafu tatu bado ni zangu?" Nikamwambia ni zako, mama, hakuna mtu aliyezichukua. Nimeanza kumrudishia ile elfu kumi na moja kwa awamu, nimefika nusu.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu nitakuwa nimekaa nje ya duka la mjomba, barabara ya kwenda Wote, kutoka saa tatu asubuhi mpaka saa nane. Leta mkebe. Sinunui, siuzi, silipishi. Nitapima, nitakuambia ni nini na ya mwaka gani, na kama sijui nitasema sijui. Usisugue kitu. Na kama nyumbani kuna mzee anayejua zilitoka wapi, muulize kabla hujatoka, au uje naye. Viti viko.